Nywele za Mama kwa Msiba Usiokuwepo

Igogo, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Kwa dada yangu Leokadia,

Shikamoo dada. Kabla hujauliza lolote, keti kwanza. Aliyekukabidhi barua hii ni Anselmi, mume wangu, shemeji yako, yuleyule mliyemlilia. Si mzimu, wala si ndugu yake anayefanana naye. Mshike mkono uone kama una joto, kisha mpe maji ya kunywa, maana unajua mawimbi ya ziwa yanavyomsumbua tumbo tangu zamani. Ukishamaliza kupiga kelele, nakuomba jambo moja tu: usimwache aende kwa mama peke yake. Mweke hapo kwako Nansio, soma barua hii mpaka mwisho, halafu utangulie wewe ukamsomee mama polepole kwa Kikerewe, yeye aje nyuma. Naogopa mama akimwona ghafla mlangoni tutapata msiba wa kweli.

Ningemwachia akueleze mwenyewe, lakini unamjua shemeji yako. Ukimuuliza imekuwaje, atasema "ni makosa tu," halafu atanyamaza.

Habari za huko? Watoto hawajambo? Shemeji amepona jino? Hali ya mama ndiyo inayonikosesha raha. Umeandika kwamba analala chini mkekani, hataki kitanda, na uji anakunywa kwa kulazimishwa. Umeandika pia kwamba miguu imeanza kuvimba tena. Dada, barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka mikunjo imechanika, na kila nikifika pale uliposema "mama alitangulia kunyoa kabla yetu sote" naiweka chini. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mdogo, Klemensi, ana kifaduro. Anakohoa mpaka anageuka rangi. Wamenikataza kumpandisha meli katika upepo huu, ndiyo maana sikuja na baba yake.

Sasa nikueleze. Yote haya yametokana na nywele zangu. Mwanzoni ilikuwa habari ya kuchekesha.

Unazijua nywele zangu, wewe ndiye uliyekuwa ukizisuka na kulalamika kwamba vidole vinakuuma. Basi, Klemensi alipoanza kukaza shingo, zilianza kutoka. Nikichana, chanuo linajaa. Nikiamka, ziko juu ya mto. Siku moja Anselmi alikuta unywele katika mchuzi wa sato, akauvuta taratibu, mrefu kama uzi wa kushonea, akauweka pembeni mwa sahani bila kusema neno, akaendelea kula. Afadhali angegomba. Ule ukimya wake uliniingiza aibu nikaanza kujifunga kitambaa hata ndani ya nyumba.

Hapa tunapanga kwa mama mmoja wa Kiislamu, Mama Zainabu. Ni mtu wa mjini hasa, baba Mmanyema, mama wa Tabora. Ana roho nzuri, na kwa hilo simsemi vibaya hata leo, ila ni mtu asiyeweza kuona ugonjwa akaupita bila kuupa dawa. Aliponiona kichwa alishika kiuno akasema, "Mama Klemensi, hizi zimeingiwa na baridi ya uzazi. Tulia, mimi nipo." Alianza na mafuta ya nyonyo. Nilinuka hivyo wiki nzima mpaka mtoto akawa anageuza uso asinyonye. Nywele zikaendelea kutoka, ila sasa zikawa zinateleza.

Halafu akasema hazijavutwa, ndiyo maana hazikui. Akaleta uzi mweusi akanisuka mistari iliyokaza mpaka nyusi zikapanda. Nilishindwa kufumba macho vizuri. Nilipomwambia inauma, alicheka: "Uzuri hauji kwa kubembelezwa, mwanangu. Vumilia." Nikavumilia kama mjinga. Tulipofumua, nywele za mbele na za juu ya masikio zilitoka pamoja na uzi, na paji langu likawa limepanda hadi karibu na utosi.

Baada ya hapo nilinunua chupa ya mafuta kwa Mhindi wa barabara ya sokoni, yenye picha ya mwanamke ambaye nywele zake zinafika kiunoni. Yalinukia vizuri sana. Nzi walifurahi kuliko mimi. Nikapelekwa mpaka Kisesa kwa mganga. Yeye alinitazama kichwa, akatazama maji yake kwenye bakuli, akasema nywele zangu zimezikwa chini ya jiwe na mwanamke wa kwetu, mnene, mweusi, mwenye pengo mbele, aliyenionea wivu siku ya harusi. Dada, mwanamke wa kwetu mwenye sura hiyo ni wewe tu. Nikaamka nikaondoka. Kama ulizizika kweli, naomba uzifukue.

Kilichoniharibu kabisa ni mafuta ya taa. Nilimwambia Mama Zainabu nimechoka, akasema hiki ndicho cha mwisho: mafuta ya taa yachanganywe na majivu, yapakwe, kichwa kifungwe kwa kitambaa kutwa nzima. Alisema yanaamsha mizizi. Yaliamsha moto. Jioni nilipofungua kitambaa, ngozi ilikuwa imelowa na imebabuka, na baada ya siku chache vikawa vidonda vyenye usaha. Mama Zainabu alilia kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenibebea mtoto kwenda hospitali.

Daktari niliyemkuta ni mtu wa Bukoba, bado kijana, mkali. Alinisogeza dirishani, akanitazama kichwa kwa muda, akauliza, "Nani amekupaka hii?"

Mama Zainabu akatazama sakafu. Nikajibu, "Nimejipaka mwenyewe."

"Na kabla ya vidonda kulikuwa na nini?"

Nikamweleza yote tangu mwanzo. Akavuta kiti akaketi. Alisema mama akiwa na mimba nywele hazianguki kama kawaida, zinangoja, halafu mtoto akishazaliwa zile zilizongoja zinatoka zote kwa mkupuo. Hata mtu aliyepona homa kali humtokea hivyo. "Zinarudi zenyewe," akasema. "Dawa yake ilikuwa kula vizuri na kungoja. Basi." Kungoja! Kitu ambacho sikuhitaji kukitafuta kwa Mhindi wala Kisesa, ningeweza kukifanya nikiwa nimekaa jikoni kwangu.

Nikamuuliza hizi za mbele. Akasema hizo ni za kuvutwa na uzi. Ukiacha mapema, zinaota tena, lakini mwanamke anayesukwa kwa kukaza miaka na miaka, mzizi unakufa na hakuna mafuta duniani ya kuufufua. Mama Zainabu, ambaye mwenyewe hana nywele mbele na husema ndiyo paji la ukoo wao, alijishika kichwa polepole. Akamuuliza daktari habari ya mjukuu wake mwenye mabaka ya duara yenye ukurutu. Akaambiwa hayo ni mapunye, yana dawa yake, amlete, na wasichangie chanuo. Kuna na upara mwingine, alisema, wa duara, laini kabisa, unakuja bila sababu na mara nyingi unaondoka bila sababu, nao hata madaktari hawaujui vizuri. Na upara wa wanaume ni wa kurithi. "Wa namna hiyo wakija nawaambia wanunue kofia."

Mimi akaninyoa zote, ili vidonda vipate hewa, akanipaka ile dawa ya rangi ya zambarau. Dada, kama ungeniona! Kichwa kitupu, cha zambarau, kinang'aa kama bilinganya. Dawa ile ikigusa nguo haitoki, kwa hiyo nikaweka kanga zangu sandukuni nikawa navaa kaniki nyeusi.

Unaona jambo linakokwenda.

Wiki hiyohiyo ndiyo aliyofika Mzee Bahitwa, jirani yake mama, ameleta kikapu cha machungwa na samaki wadogo, furu wakavu, nilivyotumiwa na mama. Anselmi hakuwepo. Alikuwa safarini kwa kazi yake ya reli na treni yao ya mizigo, mvua ikakata njia huko mbele ya Tabora, wakakwama, na barua haikuja wala salamu. Mimi nilikuwa nimekaa chini ukumbini juu ya mkeka, nimevaa kaniki, kichwa kimenyolewa, macho mekundu kwa sababu nilikuwa nimetoka kulia. Mama Zainabu na wanawake wawili wa uani walikuwa wamenizunguka, wamenyamaza, kwani kila walichosema kilinizidishia. Nilipomwona mzee wa kwetu amesimama mlangoni nilijitupia upande wa kaniki kichwani upesi, nikafunika uso. Nilikuwa nikijificha kwa aibu. Yeye aliona mjane.

Alivua viatu. Hakuuliza kitu, unamjua adabu yake, na kwetu nani anamuuliza mfiwa habari za kifo? Alichuchumaa karibu na mlango akasema, "Pole, mwanangu. Pole sana."

Nikasema, "Asante, baba."

"Ni kazi ya Mungu."

"Ndiyo, baba."

Akaniuliza watoto wanaendeleaje, nikasema wanaendelea, ila wanamuulizia baba yao kila siku. Lilikuwa neno la kweli, dada! Lilinitoka tu, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa wakifanya. Yule mzee akafuta macho. Akaacha kikaratasi kilichokunjwa pembeni mwa mkeka, akainuka, akatoka. Hakuaga. Mimi niliumia sana kwamba mtu mzima wa kwetu anatoka nyumbani kwangu bila kuaga, bila hata kunywa chai. Nikasema moyoni amechukizwa na kichwa changu. Baadaye nikaona ndani ya karatasi mna shilingi, nikadhani ni zawadi ya mtoto. Sikukumbuka hata kidogo kwamba msibani watu hawaagi.

Na kwa kuwa alinikuta nimeshanyolewa, akahesabu kwamba maziko yamepita na matanga yameondolewa. Kwa nini basi mngekimbilia Mwanza? Mlikaa mkaumia peke yenu, mkisema Paskazia amekuwa mtu wa mjini, amemzika mume wake bila kutuambia. Nimesoma uliyoniandikia. "Umetuona sisi si watu." Dada, maneno yale siyakasirikii. Ningekuwa wewe ningeandika makali zaidi.

Barua yako ilifika Anselmi akiwa amerudi, yuko mezani. Nilifungua nikaanza kumsomea kwa sauti, kama kawaida, nikidhani ni salamu. Nikasoma, "Tumepokea kwa huzuni msiba wa shemeji yetu Anselmi." Nikasimama hapo. Alikuwa ameshika tonge la ugali.

"Nimekufa lini?" akauliza.

Tulicheka, Mungu atusamehe. Tulicheka mpaka Mama Zainabu akaja kuchungulia, na alipoambiwa akacheka akakaa chini. Akasema siku hizi mjini watu wanangoja uhuru, kumbe Ukerewe mmeshatangulia kuwapa waume zetu uhuru wao. Halafu nikaendelea kusoma. Nikafika pale mama alipoomba wembe. Anselmi akalirudisha tonge sahanini. Hakula tena siku ile, na toka hapo hajacheka.

Wewe unajua, na mimi najua, kwamba kwetu mama hanyoi kwa ajili ya mkwe. Wangenyoa ndugu zake, ningenyoa mimi, wangenyoa watoto. Mama angefunga kitenge kiunoni akalia, ikawa imetosha. Lakini Anselmi hakuwahi kuwa na mama wa kumkumbuka. Tangu alipokuja kuchumbia na homa mwilini, mama akamlaza jikoni akamnywesha uji kwa mkono wake bila kujali watu wanasemaje, hawajaishi kama mkwe na mama mkwe. Anselmi ndiye aliyemwezekea mama nyumba kwa bati, anayemletea sukari kila likizo. Kwa hiyo mama alinyoa kama mzazi anavyomnyolea mtoto wake wa kumzaa.

Na zile nywele. Hakuwa amezikata tangu baba alipokufa. Nyeupe zote, nene, watoto wetu wakiziita pamba, wakigombania nani azichane. Hata alipougua mwaka juzi zikapungua katikati, alizikusanya akazifunga vizuri akasema, "Hizi ni za kuzikwa nazo, msiziguse." Umeandika kwamba mlizifukia nyuma ya migomba kama desturi. Najuta, dada. Najuta kutomwita Mzee Bahitwa arudi anywe chai. Najuta kwamba nilijifunika uso mbele ya mtu wa kwetu kwa ajili ya kitu kidogo kama nywele, wakati mama alikuwa nazo zake alizozihifadhi kwa miaka, na hakuzionea uchungu.

Nilirudi kwa yule daktari, safari hii si kwa kichwa changu. Nikamuuliza kama bibi wa umri wa mama akinyoa, nywele zinarudi. Alisema wembe hauui mzizi, kwa hiyo zitaota. Lakini kwa mtu mzima aliyekwisha kuugua na zikapungua, zitaota polepole na chache, na zile za katikati huenda zisije kabisa. Nikauliza dawa. Akatikisa kichwa. "Hata wewe," akasema, "sikukupa dawa ya nywele. Nimekupa dawa ya vidonda." Mimi zangu zimeanza kuchomoza. Nikipitisha mkono nasikia zinakwaruza. Mama Zainabu anafurahi kana kwamba ni shamba lake limeota, na mimi kila nikizigusa naona haya.

Usimruhusu mtu yeyote ampake mama kitu. Najua watakuja na nyonyo, na wengine na mafuta ya taa. Kichwa chake kiachwe, kioshwe kwa maji, kifunikwe asipigwe na baridi. Ale samaki, ale mayai, hata kama anasema mayai ni ya watoto. Mwambie mkwe wake amekuja kumwona akila.

Nisalimie shemeji, mume wako, na watoto wako wote. Msalimie baba mdogo wa Bukindo, umwombe asimkasirikie mtu. Mzee Bahitwa mpe shikamoo yangu kubwa, na umrudishie ile shilingi, Anselmi anayo mfukoni. Mwambie hakukosea. Alifanya kila alichofundishwa na wazazi wake, na akija tena nyumba hii atakunywa chai mpaka akatae. Mama nimwambie nini? Mwambie nampigia magoti hapahapa nilipo.

Limebaki moja. Shemeji yako amevaa kofia, na najua hataivua mpaka afike kwa mama. Jana alitoka hapa akasema anakwenda sokoni, akarudi amenyoa kichwa chote, kipara kitupu. Nikamwambia, "Watu wa kwetu wakikuona hivyo si watauliza umefiwa na nani?" Akaivaa kofia yake. Halafu akasema, "Mama alininyolea mimi nikiwa hai. Acha na mimi nimnyolee yeye akiwa hai, aone. Siku ile nyingine hataona."

Ni mimi mdogo wako,
Paskazia